Shamba la sola la ushirika wa umeme: mwanachama anapata nini?

Anza na bili, maana hapo ndipo faida huonekana. Mwanachama akinunua hisa ya paneli moja ya wati 400, mahali penye saa 4.5 za jua kali kwa siku, atarajie takriban uniti 1.4 kwa siku baada ya kutoa asilimia 20 inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani). Kwa mwezi ni kama uniti 43. Hizo hupunguzwa kwenye bili yake, hata kama amepanga nyumba au paa lake lina kivuli.

Faida nyingine haionekani kirahisi. Ushirika unaonunua umeme wa jumla mara nyingi hulipia uniti, na juu yake hulipia kilele cha matumizi cha mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme ambacho wanachama wote walitumia kwa wakati mmoja. Kilele kikiwa mchana, shamba hukishusha na gharama hupungua kwa wote, hata wasio na hisa. Kikiwa saa mbili usiku, paneli hazisaidii kitu bila betri. Omba kuona chati ya matumizi ya kila saa kabla ya kupiga kura kuhusu shamba hilo. Wengi huruka hatua hii.

Kwenye mkataba, soma bei ya uniti inayorudishwa kwako: ya rejareja au ya jumla? Tofauti ni kubwa. Uliza pia hisa inakuwaje ukihama. Paneli hupungua nguvu kama asilimia 0.5 kwa mwaka, lakini inveta huenda ikahitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15. Fedha yake itengwe mapema.