Bikon za Berlin

Kazi yangu ni kupima viwanja, na mpimaji akitembea mtaani macho yako chini muda wote, anatafuta bikon, zile alama za kona za kiwanja. Ugonjwa huo nilienda nao mpaka Berlin, 2018, nilipopata kozi ya miezi mitano ya mambo ya ramani za kwenye kompyuta. Wiki ya kwanza tu natoka nyumbani nilikopanga chumba, naona pale chini kwenye pevingi, katikati ya vile vijiwe vyao, kuna kipande cha shaba ya manjano, mraba, sentimita 10 kwa 10, kimelala sawasawa na njia na kimeandikwa maandishi. Nikasema aisee wenzetu, yaani bikon ya shaba! Kwetu unaweka ya zege na nondo ndani, na bado baada ya wiki mbili mtu keshaing'oa usiku kasogeza mpaka.

Nikainama nikasoma. Juu HIER WOHNTE, alafu jina la mtu, alafu JG. na mwaka, chini yake maneno mengine na tarehe. Kijerumani changu siku hizo kilikuwa cha kununulia mkate tu. Kwa hesabu zangu jina ni la mwenye kiwanja, JG. ni namba ya ramani, tarehe ni siku waliyopima, basi, kila kitu kimekaa mahali pake. Shida ikaanza nilipoendelea kutembea. Mlango huu kipo kimoja, mlango wa pili hakuna, nyumba ya mbele viko sita vimebanana kama vikombe vya kahawa kwenye sinia, na jina la ukoo ni lile lile moja. Sasa bikon gani zinakaa sita pamoja, na kona ya kiwanja iko wapi? Jioni nikachora kwenye daftari, nikajaribu kufunga mpaka wa ule mtaa kwa zile alama, haufungi. Nikalala na hasira ya kitaaluma kabisa.

Na si hivyo vya shaba tu. Kuna siku tulipita upande wa Schöneberg, mitaa ya Bayerischer Platz, nikaona juu ya nguzo ya taa kibao kimechorwa mkate, mkate tu, hakuna jina la duka wala mshale, nikazunguka mtaa mzima natafuta hiyo bekari. Kumbe ubavu wa pili wa kibao kuna maandishi, mi sikugeuka kuangalia.

Mama mwenye nyumba yangu alikuwa na miaka sabini na kitu, mtu mzuri lakini kwenye mambo ya takataka usimchezee, ukitupa kitu kwenye pipa la rangi siyo utakitoa mwenyewe kwa mkono. Sasa jioni ya tarehe 9 Novemba, baridi ile ya kukata masikio, namkuta kwenye ngazi anashuka na ndoo, sponji, chupa ya dawa ya kung'arishia shaba na mishumaa kwenye mfuko. Nikampokea ndoo, maana siwezi kumwacha mtu wa umri wa mama yangu abebe maji na mimi nipo. Tukafika kwa zile sita, akatandika kigodoro akapiga magoti akaanza kusugua, mi nikashika sponji ya pili, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja JKT, tunasugua bizimu za mikanda kabla ya gwaride. Ili kuchangamsha maongezi nikamuuliza kwa kiingereza changu, hivi hizi alama za mipaka huwa mnazisafisha kila mwaka?

Akasimamisha mkono. Akanitazama kuona kama namtania.

Alafu akaweka kidole kwenye jiwe, akanisomesha kama mtoto wa darasa la kwanza. Hier wohnte, hapa aliishi. JG., mwaka aliozaliwa. Neno la chini yake, walimchukua wakampeleka. La mwisho, ermordet, wakamuua. Sita pamoja ni baba, mama na watoto, waliishi nyumba hii, Wayahudi. Akasema tarehe hii ndo usiku wa 1938 Wanazi walipochoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi, kwa hiyo watu hutoka kuyasafisha na kuwasha mishumaa. Yanaitwa Stolpersteine, mawe ya kujikwaa. Msanii mmoja, Gunter Demnig, alianza kuyaweka miaka ya 90, moja kwa kila mtu, mbele ya nyumba ya mwisho aliyoishi kwa hiari yake mwenyewe (sa hivi yameshapita laki moja Ulaya). Na ule mkate wangu wa kwenye nguzo nao akaueleza, viko vibao 80 mitaa ile tangu 1993, nyuma ya mkate imeandikwa amri ya 1940, kwamba Wayahudi wa Berlin wanunue chakula saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni tu.

Sikuwa na la kusema. Mi hayo mawe nilishayawekea futi kamba nikayapiga picha na kiatu changu pembeni kuonyesha ukubwa.

Tulivyomaliza akasema kuna moja zaidi, Brunnenstraße namba 193, karibu na Rosenthaler Platz, na kwamba kila mwaka jina lake linamshinda kutamka, labda mimi nitaweza. Alijua natoka Afrika, basi, sidhani kama aliwahi kushika ni nchi gani. Tukafika, akasugua, nikamulika na simu. MAHJUB BIN ADAM MOHAMED.

Nilisoma kwa sauti bila kukwama hata kidogo, maana hilo ni jina la mtu wa kukaa naye baraza moja, ukiliita Magomeni saa ya kutoka msikitini watageuka watatu. Akaniomba nirudie taratibu. Nikarudia. Akajaribu, "Madjub", nikamwambia sukuma hiyo h mama, akajaribu tena, tuko wawili tumepiga magoti njiani, watu wanatupita na baiskeli. Akaniuliza, unamfahamu? Unajua kidogo nijibu ndio.

Usiku ule sikulala, nilikuwa kwenye simu. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Mjerumani, na vita vya kwanza vilipoanza naye akaingizwa jeshini, mtoto wa miaka kumi. Akajeruhiwa Mahiwa, kule Lindi, 1917, Waingereza wakamkamata. Akaja kufanya kazi kwenye meli, na 1929 akashuka Berlin na jambo moja la kudai, mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake, ambao haukulipwa. Wizarani wakamwambia umechelewa. Akabaki. Akawa weita, akafundisha Kiswahili chuo kikuu kwa mshahara kiduchu, akaigiza kwenye filamu zaidi ya 20 kama mtumishi au mpagazi, akaoa hapo hapo, wenyewe walimzoea kwa jina la Husen. 1941 Wanazi wakamkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa kizungu, hakuna hata kesi, kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na 24 Novemba 1944 akafia humo.

Nikakumbuka Sanamu ya Askari pale Posta. Ile ni ya waliokuwa upande wa Mwingereza, lakini imeandikwa Kiswahili, mpaka cha herufi za kiarabu, iko pale tangu 1927 na mi miaka yote naitumia kuwaelekezea watu, "nikute kwenye askari", sijawahi kusimama nikasoma hata mstari.

Asubuhi nikampigia mama, Temeke. Shikamoo, marahaba, umekula, umevaa sweta. Nikamsimulia yote. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekata.

"Alifuata mshahara wake tu?"

"Ndio mama, na wa baba yake."

"Wakasema kachelewa."

"Ndio."

"Kachelewaje na alikuwa mtoto?" Akaguna. "Na wewe hiyo posho ya kozi wanakulipa lakini?"

Nikamwambia wanalipa.

"Waambie wakupe karatasi."