Kifurushi cha Oyster Bay

Leo jioni mazungumzo na mjomba wangu, aliyekuwa kijana hapa Dar es Salaam miaka ile, yaliangukia kifo cha Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno.

Kwa wasiokumbuka, tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi katika nyumba ya rafiki yake, Oyster Bay, na bomu lililofichwa ndani ya kitabu likamuua.

Nani aliyekituma?

Wengi huinyooshea kidole PIDE, polisi wa siri wa Ureno, ilhali wengine hushikilia kwamba ulikuwepo mkono wa mtu wa ndani, kwa kuwa chama kilikuwa kimegawanyika vibaya. Mimi naona hayo mawili hayapingani.

Mjomba alichukua kitabu kilichokuwa mezani, akakifunua jalada taratibu kwa vidole viwili, akasema, “Alikuwa msomi, amefundisha chuo kikuu Marekani. Aliyechagua kitabu alimfahamu.”

Hapo mwili ulinisisimka, maana nilikuwa nikiwaza baruti tu, wala si chambo.

Ndugu zangu, wazee wenu waliokuwepo Dar wakati huo huwasimulia nini?