Mbegu ya viazi kwenye trei za mayai

Mwaka ule mama mkubwa alitaka viazi mviringo uani kwake Miyuji, Dodoma. Jirani yake, bwana shamba mstaafu, alikuwa mkali kuhusu tarehe: mbegu iingie ardhini mwezi wa tano mwanzoni, wala asisikie habari za kupanda kipindi cha mvua. Joto la usiku likizidi nyuzi 20, mmea wa kiazi hujaza majani na chini hautungi kitu. Baridi ya maana hapa Dodoma ni ya mwezi wa sita na wa saba, usiku ukishuka hadi nyuzi 14 hivi. Mbegu, yaani kiazi chenyewe, ikifukiwa bado imelala, haijachipua, wiki kadhaa za baridi hiyo zinapotea bure. Ndiyo sababu tuliziotesha kwanza.

Mbegu zilitoka Njombe, aina ya Kikondo. Bwana shamba alimbana muuzaji kwa swali moja tu: zimevunwa lini? Kiazi kikitoka shambani hulala miezi miwili hadi mitatu, na ukikipanda kabla ya hapo kinaweza kuozea ardhini. Halafu akachukua kisu, akakata viwili vitatu na kuvibonyeza. Ute mweupe ukitoka kwenye ile pete iliyo karibu na ganda, ni mnyauko bakteria; gunia zima halifai, na udongo ukishaambukizwa ni shida ya miaka. Vyetu vilikuwa safi.

Tulichagua vyenye ukubwa wa yai la kuku. Vikubwa huwa watu wanavikata vipande, kila kipande na macho (vishimo vinakotokea machipukizi) mawili au zaidi, lakini yeye hakutaka: kisu kilekile hubeba ugonjwa kutoka kiazi hadi kiazi, na kwa hewa kavu ya Dodoma kidonda hunyauka kabla hakijafunga.

Trei za mayai tuliziomba dukani. Moja inaingia viazi 30. Kila kiazi kilisimamishwa kichwa juu, yaani upande wenye macho mengi, na kitovu, pale kiazi kilipokatikia kwenye mmea mama, kikiwa chini. Trei zikapangwa kwenye kichanja barazani, mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti lakini jua halifiki. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaacha mbegu ndani ya gunia gizani. Gizani chipukizi hutoka refu, jeupe, laini kama tambi, na linavunjika ukiligusa. Kwenye mwanga linakuwa fupi, nene, la kijani au zambarau, na hilo ndilo linalovumilia kupandwa.

Chandarua kikuukuu kilifunika kichanja ili kuzuia nondo wa viazi, anayetaga mayai kwenye macho. Majani makavu ya mwarobaini tuliyatia kati ya viazi kwa sababu hiyohiyo. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hupita kwenye matundu ya chandarua, kwa hiyo kila baada ya siku chache tulikagua machipukizi. Hao ndio wanaosambaza virusi. Kiazi kilichoanza kulainika kilitolewa siku hiyohiyo.

Baadhi vilitoa chipukizi moja tu kichwani. Bwana shamba alilivunja kwa kidole gumba bila huruma.

“Mama, hili moja linawazuia wenzake. Likiondoka, yataamka mengine matatu manne, na kila moja ni shina.”

Mashina mengi huleta viazi vingi zaidi, ingawa vidogo kidogo. Lakini kuvunja ni mara moja, na mapema. Kila ukirudia mbegu inachoka.

Machipukizi yalipofika sentimita mbili, baada ya wiki nne hivi, tulipanda jioni. Trei zilibebwa mpaka kwenye tuta zima zima, hakuna aliyemimina mbegu kwenye ndoo. Kina cha sentimita 10, sentimita 30 kati ya shimo na shimo, 70 kati ya mistari, chipukizi likitazama juu, samadi iliyooza vizuri chini yake na udongo kidogo kuvitenganisha. Tuta hatukulifunika kwa majani, kwa kuwa uani pale mchwa huyafuata mpaka kwenye mbegu.

Mbegu zilizobaki mama mkubwa akazitamani kwa chipsi.

“Hizo zimeshakuwa sumu, mama,” bwana shamba akamwambia. “Sumu inayokuja na ule ukijani wa kukaa kwenye mwanga haitoki kwa kukaanga. Hata mbuzi usiwape.”

Tukazifukia kwenye shimo la taka, mbali na bustani.