Riwaya ya kivukoni

Naishi Msangamkuu, ila kazi yangu iko ng'ambo, Mtwara mjini: karani wa ghala la korosho. Kwa miaka miwili riwaya yangu ilikwama sura ya tatu. Nilikuwa nasubiri usiku, watoto walale. Wakilala, nami huyo usingizini, kalamu mkononi.

Nilidhani mwandishi lazima awe na meza na utulivu. Siku moja kivuko kikachelewa, nikatoa karatasi mfukoni, nikaandika nusu ukurasa nimeegemea gunia la muhogo. Dawa ikawa hiyo. Sasa natembea na kidaftari. Naandika nikisubiri kivuko, asubuhi na jioni. Kikifika naacha sentensi katikati, makusudi, ili kesho nisianze kwa kukodolea macho ukurasa mtupu.

Msimu ndio ulionisumbua zaidi. Kuanzia Oktoba, minada ikianza, ghalani ni mizani, stakabadhi na kelele mpaka giza. Miezi hiyo siandiki sura mpya, naokota maneno tu. Mzee mmoja alipoambiwa korosho zake ni daraja la pili, alizichota kiganjani, akazinusa, akasema, "Mwanangu, hizi zimeniona nikizeeka." Nilimwandika nyuma ya karatasi ya uzani kabla hata sijamjibu. (Mkuu wangu aliniona. Akanuna.)

Jumapili, baada ya chai, mke wangu ananiachia saa mbili za kunakili kwenye simu. Kuteka maji siku hiyo ni zamu yangu. Juzi nimemaliza sura ya tisa. Ukurasa wake wa mwisho una doa la maji ya bahari.