Tope la Juu ya Mialo

Kazi ilikuwa kupima zebaki kwenye tope la vijito mkoani Geita, eneo ambalo wachimbaji wadogo husaga mawe kwa makarasha, huosha unga wake juu ya magunia, kisha hukamata dhahabu kwa zebaki. Tulirudi Dar es Salaam na sampuli za aina tatu: marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, tope la vijito chini ya mialo (sehemu za kuoshea unga huo), na tope la sehemu tatu za juu ambako maji yalikuwa hayajakutana na mwalo wowote. Hizo tatu za juu ndizo zilikuwa za kulinganishia. Zilitakiwa zitoe namba ndogo, tuziandike, tuendelee na kazi.

Hazikutoa namba ndogo. Moja ilisoma karibu sawa na tope lililochukuliwa chini kabisa ya mwalo.

Njia tuliyotumia ni ya mvuke baridi, ya zamani na isiyo na madoido. Unapima gramu 0.6 za tope kavu kwa vijiko vitatu vya gramu 0.2, kila kimoja kutoka pembe yake ya kopo, maana tope halichanganyiki sawasawa hata ulichekeche vipi. Unatia mililita 5 za maji na mililita 5 za akwa rejia, yaani asidi ya hidrokloriki sehemu 3 kwa sehemu 1 ya nitriki, unaweka chupa kwenye beseni la maji ya nyuzi 95 kwa dakika 2, unapoza. Halafu mililita 50 za maji na mililita 15 za pamanganeti ya potasiamu ya asilimia 5, kisha chupa inarudi kwenye beseni kwa dakika 30. Hapo ndipo macho yanapofanya kazi: rangi ya zambarau lazima ibaki. Tope la kwenye mafunjo limejaa mizizi iliyooza, na mboji hiyo hula pamanganeti kama moto wa mabua. Rangi ikififia, unaongeza hadi isimame kwa angalau dakika 15. Ukiipuuza, sehemu ya zebaki inabaki imeshikwa na mboji na kifaa hakitaiona.

Mwisho unaua pamanganeti iliyozidi kwa mililita 6 za hidroksilamini, unajazia maji, unatia mililita 5 za kloridi ya bati na kufunga chupa papo hapo. Bati huirudisha zebaki kuwa metali, hewa inayopulizwa huibeba kama mvuke hadi kwenye bomba la kioo cha kwatzi, na taa yenye mawimbi ya nanomita 253.7 hupima imefyonzwa kiasi gani.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa klorini. Pamanganeti ikikutana na kloridi hutoa gesi ya klorini, na klorini nayo hufyonza mwanga karibu na mawimbi yaleyale. Asiyejua huandika zebaki ambayo haipo. Kuthibitisha ni rahisi: chukua sampuli ileile, fanya kila kitu, ila usitie bati. Bila bati zebaki haitoki, lakini klorini hutoka. Tulifanya hivyo kwa sampuli zote tatu na mshale haukutikisika. Kwa hiyo ilikuwa zebaki kweli.

Mshukiwa wa pili alikuwa kemikali zetu. Kloridi ya bati mara nyingi huja na zebaki kidogo ndani yake, ndiyo maana huwa tunaipulizia naitrojeni kwa nusu saa kabla ya kuitumia. Tukapitisha chupa tano zisizo na tope, zenye kemikali zote, hatua kwa hatua. Blanki zote zilikuwa safi. Tope rejea tulilonunua likiwa na kiwango kilichothibitishwa lilisoma ndani ya mipaka yake. Kwa mujibu wa daftari la ubora, maabara haikuwa na kosa.

Basi likabaki jibu tamu: upepo. Mchimbaji akishapata bonge la dhahabu na zebaki, hulichoma kwenye jiko la mkaa, mara nyingi bila kifuniko cha kunasa mvuke, na zebaki hupanda hewani. Kwamba inaweza kutua kwenye kijito cha juu ni hoja inayokubalika kabisa. Aya ya kueleza hivyo ilikuwa imeshaanza kuandikwa kwenye rasimu ya ripoti, tena kwa lugha nzuri.

Kilichoiharibu aya hiyo ni mfuko mmoja. Sampuli moja ya juu ilikuwa kubwa, na siku ya kukausha trei zilijaa, kwa hiyo nusu yake ilikaushwa siku mbili baadaye. Nusu hizo mbili zilitoka kwenye mfuko mmoja, chepe moja, dakika ileile. Nusu ya kwanza ilisoma juu. Ya pili ilisoma chini kabisa, namba ya udongo wa kawaida.

Upepo hauwezi kuchagua nusu ya mfuko. Tukafungua daftari la oveni, ambalo kwa bahati mtu alikuwa analijaza kwa uaminifu: siku ya kwanza, nyuzi 105, usiku kucha, tope la juu rafu ya juu, marudio rafu ya chini. Siku ya pili, tope peke yake.

Kila mtu pale alijua kwamba zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na hilo ndilo lililotudanganya. Nguo hukauka kambani bila maji yake kuchemka. Katika joto la kawaida la nyuzi 25 hewa iliyofungiwa na zebaki hubeba kama miligramu 20 kwa mita moja ya ujazo. Ukifika nyuzi 100 msukumo wa mvuke wake unakuwa umepanda zaidi ya mara 100. Marudio yetu yalikuwa na chembe za zebaki hai, nyingine ukiziona kwa lenzi ya mkono, vitone vya rangi ya fedha vilivyosagika kama vumbi. Tuliziweka katika joto hilo kwa muda wa saa 14, ndani ya sanduku lenye feni, na juu yake tukatandaza tope bichi lenye mboji. Mboji na mfinyanzi hushika mvuke wa zebaki vizuri sana.

Na blanki? Hazikupita kwenye oveni. Zilianza safari yake kwenye asidi. Tope rejea nalo lilikuja likiwa kavu tayari ndani ya chupa, halikuwahi kukaa kwenye trei. Vyote viwili vilishuhudia nusu ya mwisho ya kazi tu.

Jaribio la kuthibitisha tulilikosea mara ya kwanza. Tuliweka bakuli la mchanga safi wa kwatzi juu ya marudio usiku mmoja, tukaupima, haukuwa na kitu. Ilibaki kidogo tuitangaze oveni kuwa haina hatia. Kumbe kwatzi tupu haina cha kushikia. Tulirudia kwa tope lenyewe: ile nusu iliyosoma chini, gramu 5 kwenye bakuli la kauri lililo wazi, rafu ya juu, marudio chini, usiku mmoja. Asubuhi ilisoma juu kama ndugu yake.

Hasara ilikuwa ya pande mbili. Tope la juu lilipokea zebaki isiyo yake, na marudio yalipoteza yaliyokuwa nayo, kwa hiyo hata zile namba kubwa tulizozifurahia zilikuwa pungufu. Hakuna hesabu ya kurekebisha jambo la namna hiyo, kwa sababu kila trei ilipokea kwa kadiri ya mahali ilipokaa na mboji iliyokuwa nayo. Namba zote za siku ile zilifutwa.

Kilichotuokoa ni kwamba sehemu ya kila mfuko ilikuwa bado mbichi kwenye friza. Mara ya pili hatukukausha kabisa. Tulichekecha tope likiwa bichi kwenye matundu ya mikromita 63 kwa maji ya kijito chake, tukaacha lituame, tukapima gramu bichi moja kwa moja kwenye chupa ya asidi. Pembeni tulichukua kipande kingine cha sampuli hiyohiyo, tukakikausha kwa nyuzi 105 ili kujua unyevu tu, kisha tukakitupa bila kukipima zebaki. Marudio yalifanyiwa kazi chumba kingine, na vyombo vyake, na kwa vijiko vitano badala ya vitatu kwa kila sampuli, maana kitone kimoja kikiingia kijikoni kinabadilisha jibu mara kadhaa.

Oveni ile haikuwa na bomba la kutolea hewa nje. Mvuke wote ulikuwa unatoka kwenye chumba walichokuwa wanakaa watu, na hilo lilinisumbua kuliko ripoti. Ilihamishiwa chini ya kofia ya kufyonza hewa, ikawashwa tupu kwa joto la juu siku baada ya siku, na kila jioni bakuli la tope safi liliachwa ndani ili kuona kama bado inatoa. Baadaye ilibandikwa karatasi ya kukataza sampuli za zebaki.

Matokeo mapya ya sehemu mbili za juu yalishuka hadi kiwango cha udongo wa kawaida. Ya tatu ilishuka kidogo tu, ikagoma hapo. Tuliirudia bila bati, tukairudia kwa pamanganeti zaidi, tukaipima kutoka mfuko wa pili ambao haukuwahi kufunguliwa. Haikusogea. Safari iliyofuata ya Geita tulipanda kijito hicho mita chache kupita pale tulipochota mara ya kwanza, na chini ya migomba kulikuwa na kichuguu kirefu kilichofunikwa na nyasi. Chepe lilipoingia, nyasi zilikuja na mchanga wa kijivu, laini, uliosagwa kwa karasha.