Siku moja kwenye chumba cha kushonea pedi za kufua, Igoma, Mwanza

Watu wengi wakisikia tunashona kwa kujitolea wanadhani tunapiga soga tukiunganisha vipande vilivyobaki kwa mafundi. Ngoja niwaonyeshe siku ilivyo. Gauni la kuuza likikosewa, mteja analirudisha na fundi anarekebisha. Pedi ya msaada ikivuja, binti hairudishi kwa mtu yeyote: anaiweka pembeni, na mwezi ujao anakosa darasa. Ndiyo maana cha bure lazima kishonwe vizuri kuliko cha kuuza.

Saa 1 asubuhi. Tunatoa nyuzi na vumbi chini ya meno ya cherehani, tunatia tone la mafuta, tunashona kitambaa kibovu mpaka uzi utoke msafi. Hewa ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo sindano yenye hata dalili ya kutu inatupwa. Pamba mpya iliyofuliwa jana inaanuliwa. Haikatwi kabla ya kufuliwa, kwa sababu hurudi, na wanga wa kiwandani huzuia maji yasinywewe.

Saa 2. Kukata. Mchoro wa kadibodi una urefu wa sm 25, upana wa sm 7 katikati, na sm 18 kutoka ncha ya bawa moja hadi jingine; sm 1 ya mshono inaongezwa pande zote. Vitambaa vinne tu kwa mkupuo. Vikizidi hapo mkasi unavisukuma, na cha chini kinatoka tofauti na cha juu.

Saa 3 tunakaa kwenye mashine: sindano namba 14, uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza mapema kwa kufuliwa kila mara. Vipande vitatu vya kitambaa cha taulo, sm 20 kwa 6, vinashonwa kwa zigizaga juu ya pamba ya ndani peke yake. Kitambaa kisichopitisha maji kinakuja baadaye, na sindano inakigusa pembeni tu. Kila tundu katikati ni mlango wa kuvujia, hata tundu la pini, kwa hiyo tunashikiza kingo kwa vibanio vya nguo. Kikigandia mguu wa cherehani, tunaweka ukanda wa karatasi ya daftari juu yake, tunashona, kisha tunauchana.

Saa 5 anaingia kaka mmoja na robota la satini ya buluu inayong'aa. Nia yake njema kabisa, na shukrani anastahili.

"Dada zangu, kazi kwenu. Zitapendeza sana hizi."

"Asante sana kaka. Ngoja tukijaribu kwanza."

"Kujaribu nini? Kitambaa ni kitambaa."

Tukadondosha tone la maji kwenye pamba, likanywewa papo hapo. Kwenye satini tone likasimama, kisha likateremka hadi mezani. Akasema kikifuliwa kitakunywa. Tukakata kipande, tukakifua kwa sabuni ya mche, tukakianika mpaka kikakauka kabisa, na mashine mbili zikasimama muda wote huo kwa sababu washonaji wake walikuwa kwenye maelezo hayo. Tone likateremka tena. Tukachomoa nyuzi tukaziwasha kiberiti: za pamba zinatoa harufu ya karatasi na jivu laini, zake zikayeyuka, zikanuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Poliesta tupu. Ikikaa kwenye ngozi kwa joto la Mwanza, damu inabaki juu, binti anashinda amelowa, anapata michubuko na vipele.

Akasema basi tupige picha tukiwa na robota, zitumike tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani. Hilo pia tukalikataa, maana ni kuwaonyesha watu pedi zisizokuwepo. Tukakubaliana satini itakuwa mifuko ya kubebea pedi, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Akaondoka ameridhika nusu. Saa 7 ilikuwa imeshapita, na chai ya saa 4 bado iko kwenye chupa.

Mchana umeme ukakatika. Cherehani za miguu haziujali, ila pasi ni ya mkaa sasa. Inapita upande wa pamba tu, ikiwa vuguvugu. Upande wa pili ukiguswa na moto unajikunja na pedi nzima imekwisha. Kisha kupindua: mshono umeachwa wazi sm 5, pedi inageuzwa kupitia hapo, na mikunjo ya mabawa lazima iwe imechanjwa kwa ncha ya mkasi, la sivyo inakaa na makunyanzi. Mshono wa juu, mm 3 kutoka ukingoni, unafunga ule uwazi. Mgongo unauma hapa kuliko saa nyingine yoyote.

Vifungo vya kubonyeza vinagongwa mwisho. Bawa moja kifungo kinatazama juu, jingine chini. Vikitazama upande mmoja havikutani, na kukitoa kifungo ni kuchana kitambaa. Kazi hii hapewi mtu aliyechoka, kwa hiyo jioni tunapokezana.

Pakiti ya kwenda kwa mabinti wa kisiwa cha Ukerewe ina pedi tano, mfuko wa satini na karatasi ya maelezo: loweka kwa maji ya baridi, maana ya moto hugandisha doa; fua kwa sabuni; anika juani, usifiche chini ya godoro. Upande wa nje tunachagua maua ya rangi nzito, ili zikiwa kwenye kamba zisimtie binti aibu. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, na pakiti ya dukani ni gharama ya kila mwezi. Hizi zinafuliwa na kutumika tena.

Ukitaka kuchangia, leta pamba, taulo, uzi wa poliesta na sindano namba 14. Satini tunayo ya kutosha.