Ganzi Imeisha, Koo Je?

Mgonjwa akirudi kutoka kupimwa moyo kwa njia ya umio, faili lake huwa na maelekezo kama "zikipita saa 2 anaweza kula na kunywa". Kwa mtu aliyekwenda akiwa na koo zima, sina neno. Kwa mgonjwa wa kiharusi ninalo, na wenzangu wodini wameshanichoka kwa kulirudia.

Kipimo chenyewe sikibezi. Kiharusi kikitokea na chanzo hakionekani, madaktari huutazama moyo: huenda damu iliganda kwenye kijifuko cha chumba cha juu cha kushoto, kipande kikachomoka kikapanda kichwani. Au kile kitundu kati ya vyumba vya juu, ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa (takriban mtu 1 kati ya 4 anacho na wengi hawajui), kimepitisha donge. Eko ya kawaida (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), ya kupitisha kifaa kifuani, hapo haioni vizuri. Umio ndio uko jirani, umepita nyuma ya moyo kabisa. Kwa hiyo mrija wenye kifaa cha mawimbi ya sauti nchani huingizwa mdomoni ukateremshwa hadi huko. Kabla yake koo hupuliziwa ganzi, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza.

Sasa, zile saa zinahesabu ganzi na usingizi. Kiharusi hakimo kwenye hesabu hiyo. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi humeza kwa shida siku za mwanzo, maana kumeza ni kazi ya misuli mingi inayopokea amri kutoka ubongo huohuo ulioumia. Koo la namna hiyo likipitishwa mrija, shida inaweza kuongezeka. Watafiti wa Ujerumani waliwagawa wagonjwa wa kiharusi kwa bahati nasibu, wengine wakafanyiwa kipimo hiki na wengine hapana, kisha wakachungulia makoo yao kwa kamera nyembamba ya kupitia puani. Waliofanyiwa walionekana kumeza vibaya zaidi baadaye. Mimi sikushangaa.

Kuna mzee mmoja aliyepooza upande wa kulia. Alirudi kutoka kupimwa akiwa macho, anatania, midomo imemkauka. Binti yake akanijia: "Sista, muda umeshapita, baba ana kiu." Nikamkalisha wima, nikamswaki na kumfuta ulimi kwanza, kwa sababu maji yakipotea njia ni afadhali yasibebe uchafu wa mdomoni. Kisha maji kijiko kimoja cha chai, vidole vyangu vikiwa juu ya koo lake. Kongomeo lilipanda, lakini kwa kuchelewa. Kijiko cha pili, vilevile. Hakukohoa hata kidogo.

"Mzee, hebu sema aaa."

Sauti ikatoka na majimaji, ina mkoromo ambao dakika moja kabla haukuwapo. Nikaiweka glasi mbali.

"Lakini mbona hajapaliwa?" binti akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi wazima tukipaliwa nyumba nzima inajua. Kiharusi kinaweza kufisha hisia za koo, maji yakateremka kwenye njia ya hewa kimyakimya, bila kikohozi wala machozi. Habari utaipata siku zinazofuata: homa, pumzi za harakaharaka, nimonia. Ndiyo maana hata ule mtindo wa kugusa koo kwa kijiti ili kuona kama mtu atataka kutapika haunitulizi. Unaonyesha koo linashtuka, hauonyeshi kama linameza.

Ninachoomba ni kidogo. Kumeza kupimwe kabla ya kwenda kwenye kipimo, na matokeo yaandikwe, ili akirudi tuwe na cha kulinganisha. Akirudi kupimwe tena, hata kama jana yake alimeza vizuri. Na anayeagiza kipimo ajiulize kama kinaweza kungoja siku kadhaa koo lijikusanye, kwa mgonjwa ambaye majibu hayatabadilisha matibabu ya leo. Wapo ambao hakiwezi kungoja, hao wapelekwe.

Mzee wetu alilishwa kwa mpira wa puani, mtaalamu wa kumeza akamwona, akaanzishiwa vinywaji vilivyozitishwa. Majibu ya moyo yakaja: damu imeganda, anahitaji dawa ya kuzuia kuganda. Na dawa ni ya kumeza! Hapa ndugu wengi hushika kidonge wakakitwanga. Ulizeni kwanza. Kapsuli za dabigatran, mojawapo ya dawa hizo, hazifunguliwi, kwani dawa huingia mwilini kupita kiasi na hatari ya kuvuja damu hupanda. Apixaban, nyingine ya aina hiyo, husagika na kupitishwa kwenye mpira, na ndiyo daktari aliyomwandikia.